Makaa Yasiyo na Moshi

Maiti ilikuwa imefunikwa vizuri mno. Hilo ndilo jambo la kwanza aliloliona Inspekta Elinuru Shechambo alipoingia chumbani, na lilimkera kutwa nzima.

Kijana alilala chali kitandani. Blanketi tatu zilikuwa juu yake, na ncha zake zilipenyezwa chini ya miguu, vile mama anavyomfunga mtoto asipigwe na baridi. Jina lake Silvano Mgaya, miaka ishirini na sita, fundi wa karakana ya akina mama wa Kwemhina. Kijiji hicho kiko juu ya Mponde, milimani Lushoto, na mwezi wa saba ukungu unaingia ndani ya nyumba bila hodi. Hakuwa na jeraha wala alama shingoni. Dirisha lilikuwa wazi kabisa.

"Nani kafungua dirisha?" Elinuru aliuliza.

"Tumelikuta hivyo hivyo, afande," alisema Koplo Issa, msaidizi wake. "Mwizi kapita hapo. Simu ya marehemu haipo, mkoba wa vitambulisho haupo. Kesi imekwisha hii."

"Imekwisha kwa ushahidi au kwa chai uliyokunywa njiani?"

Issa alicheka. Alikuwa mtu mwema, tatizo lake alipenda njia za mkato.

Ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri. Silvano alikuwa amekutwa saa saba, watu wakitoka ibadani. Aliyemkuta ni Raheli, mama wa miaka sitini na kidogo ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Bryson. Chumba hicho cha uani kilikuwa chake. Silvano alikuwa amepanga hapo miezi kumi na minne. Sasa mama huyo alikaa kwenye kigoda mlangoni, kanga ya kichwani imeshuka mabegani, na akina mama wenzake walimzunguka.

Elinuru aliinama. Polisi ni polisi, lakini mlima huu una adabu zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole sana. Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Asubuhi. Alikuwa na homa, anatetemeka. Nikampa uji. Nikaenda kanisani kumwombea."

"Ukarudi?"

"Saa saba. Nikamkuta hivyo."

"Ndugu zake wako wapi?"

"Hana." Raheli alijibu upesi. "Yatima. Alilelewa misheni huko kusini. Mimi ndiye mama yake." Kisha akamkazia macho inspekta. "Mtatukabidhi lini mwili, mwanangu, tumzike?"

Elinuru aliandika swali hilo kwenye daftari lake. Miaka kumi na saba ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kwamba aliyefiwa huanza na swali moja tu: nani kaniulia? Huyu alianza na kaburi.

Alirudi chumbani. Alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akawasha tochi. Karibu na kitanda palikuwa na mikwaruzo mitatu midogo, imekaa mviringo, na katikati yake majivu kidogo ya kijivu.

"Majivu tu, afande," alisema Issa. "Nyumba gani haina majivu huku?"

"Chumba ambacho hakina jiko," alijibu Elinuru, akayatia majivu kwenye bahasha.

Kwenye fremu ya dirisha alikuta nyuzi za mgomba zimesokotwa na kusukumizwa katika ufa, na nje, chini ya dirisha, bumba zima la nyuzi kama hizo limelala kwenye umande. Kuna mtu aliziba dirisha hili kwa uangalifu. Halafu kuna mtu alilifungua kwa pupa. Na mgonjwa anayetetemeka hafungui dirisha mwezi wa saba, hata awe mkaidi namna gani.

*

Karakana ilikuwa hatua mia mbili chini ya nyumba. Zamani watu wa Kwemhina walivuna mkungu, wakaukata mgomba, wakauacha uoze shambani. Silvano alikuja akawaambia wanatupa mali. Aliwafundisha kuchambua magogo ya migomba kwa mashine, kuloweka nyuzi bwawani, kuzikandamiza kwa gundi ya magome ya miti ya miwati hadi ziwe mbao ngumu za kupigia dari. Hata makapi hayakutupwa. Yaliunguzwa kwenye pipa pamoja na magunzi ya mahindi, yakasagwa, yakakandwa kwa uji wa muhogo, yakawa makaa ya vitofali. Makaa hayo yalikuwa yanapikiwa mpaka Lushoto mjini. Elinuru mwenyewe alikuwa na gunia moja nyumbani.

Mashine ya kuchambua iliendeshwa na Yusuph, mtu wa Kigoma aliyekuja Mponde kuchuma chai na akabaki. Yeye si Mkristo, kwa hiyo Jumapili asubuhi, kijiji kizima kikiwa kanisani, alikuwa peke yake karakanani. Na Jumamosi alikuwa amegombana na Silvano hadharani.

"Mligombania nini?"

"Kinga ya visu vya mashine. Niliitoa, inanichelewesha. Akaniambia nikirudia nitaachishwa kazi."

"Ukamjibu nini?"

Yusuph alitazama mikono yake. "Nilimjibu vibaya, afande. Nilimwambia atarudi kwao kwenye sanduku."

"Jamani!" alisema Issa.

"Hasira! Ni maneno ya hasira! Mimi na Silvano ni wageni wote wawili hapa, tunakula sahani moja. Nimwibie simu ya nini?"

Vijana wa kijiji walikuwa wamekusanyika nje, na sauti zao hazikuwa za kumtakia heri. Elinuru alimtia Yusuph garini. Alimweka mahabusu kwa sababu mbili, na ya pili ilikuwa kumlinda asichomwe moto. Lakini sheria haina subira. Mkuu wake alisema waziwazi: Jumatano Yusuph anafikishwa mahakamani kwa kosa la mauaji, labda inspekta alete mtu mwingine.

*

Jumatatu, Daktari Marta alifanya uchunguzi wa maiti. Alitoka akivua glavu.

"Hakunyongwa. Hakupigwa. Hakulishwa kitu."

"Sasa?"

"Damu yake ni nyekundu mno, nyekundu ya kung'aa. Nimechukua sampuli iende kwa Mkemia Mkuu, lakini sina shaka. Amevuta hewa ya sumu ya jiko. Makaa kwenye chumba kilichofungwa. Mtu analala, haamki."

"Hata makaa haya ya vitofali?" aliuliza Issa. "Haya si hayana moshi, daktari?"

"Moshi unakukohoza, unatoka nje, unapona. Hewa hii haina rangi wala harufu. Ukikosa moshi ndiyo umekosa wa kukuonya."

Koplo Issa alibadilika rangi. Alikuwa na kichanga cha wiki tatu nyumbani. Alitoka mbio hadi uani, na hospitali nzima ilimsikia akipiga kelele kwenye simu, "Toa jiko nje! Nasema toa! Fungua madirisha yote! Mtoto je? Analia? Alhamdulillahi, mwache alie!"

Alirudi amelowa jasho. Elinuru hakumtania. Alikuwa akifikiria gunia lake mwenyewe, na binti yake aliyependa kusomea karibu na jiko.

"Issa," alisema baadaye garini, "mwizi anaiba simu. Mwizi gani anaiba jiko lenye moto?"

"Hakuna, afande."

"Basi aliyechukua jiko ndiye aliyelileta."

Jumanne walirudi Kwemhina. Elinuru alikwenda kwanza kwa Dorothea, mwenyekiti wa kikundi. Aliwasha kitofali kimoja, akangoja kiishe. Majivu yake yalikuwa yale yale ya kwenye bahasha, ya kijivu, mazito, yenye ukoko wa magunzi.

"Haya mnayatumia ndani, mama?"

"Ndani, chumbani, kokote. Hayana moshi, hayana madhara. Hivyo ndivyo Silvano alivyotufundisha." Dorothea alilitamka kama mtoto wa kipaimara anayejibu swali la mchungaji. "Kwani vipi?"

Elinuru alimweleza. Dorothea alikaa chini palepale kwenye magunzi, mikono kichwani. Elinuru alichuchumaa mbele yake.

"Jumapili Mama Bryson aliimba kwaya?"

"Aliimba wimbo wa kwanza. Wa pili sauti yake hatukuisikia. Alitoka kabla ya mahubiri, nikajua kaenda kumwangalia mgonjwa."

"Mahubiri yalianza saa ngapi?"

"Saa tano na nusu hivi."

Raheli alisema amerudi saa saba. Njia ya mwongo ni fupi, lakini Elinuru hakufurahi kuufikia mwisho wake. Usiku huo hakulala vizuri. Kwa kuwa Mgaya ni jina la kusini, polisi wa Njombe walikuwa wameulizwa, wakajibu kwamba akina Mgaya huko ni wengi kuliko mvua, watafutiwe jina la baba. Na kijiji kilikuwa kimeshaandika barua: marehemu hana ndugu, waruhusiwe kumzika Jumatano saa nane mchana.

*

Jumatano asubuhi kaburi lilikuwa limeshafika kiunoni. Lilichimbwa kwenye shamba la migomba la Raheli, mahali alipozikwa mumewe na wazazi wa mumewe. Wachimbaji walikuwa wazee watatu wa ukoo.

"Onga makeo," Elinuru aliwaamkia kwa Kishambaa, akapita.

Raheli alikuwa jikoni. Alipika chai kwa kuni, juu ya mafiga, moshi umejaa hadi paani, macho yanamtiririka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu chai. Mmeniletea mwanangu?"

"Jiko lako la makaa liko wapi, mama?"

"Liliharibika."

"Lini?"

"Siku nyingi."

Elinuru aligeuka mlangoni, akaita. Issa aliingia amelowa hadi mapajani, ameshika jiko la bati lenye miguu mitatu na mshikio uliofungwa kwa waya. Alikuwa amelitoa kwenye bwawa la kulowekea nyuzi. Alilitua sakafuni taratibu.

Raheli alilitazama, kisha akageukia sauti ya majembe huko nje.

"Mama Raheli," alisema Elinuru, "nakuonya kisheria. Una haki ya kunyamaza. Utakalosema nitaliandika, na linaweza kutumika mahakamani."

"Andika, mwanangu. Nilikuwa nije mwenyewe kesho. Nilitaka kaburi kwanza."

Aliondoa sufuria motoni, akaifunika.

"Aliniambia, mama, baridi imeingia kwenye mifupa. Nikawasha jiko nje, likakolea, nikaliingiza. Alicheka. Akasema, leo makaa yangu mwenyewe yananiuguza. Nikaziba dirisha kwa nyuzi. Nikamfunika. Nikaenda kumwombea. Wimbo wa kwanza ulipokwisha moyo ukakataa kutulia, nikarudi."

"Ukakuta nini?"

"Nilifungua mlango nikakuta joto zuri. Nikafurahi. Nakuapia nilifurahi! Nikasema, homa imeshuka, amelala. Nikamshika paji la uso." Alitazama kiganja chake. "Nikamwita Bryson. Sijui kwa nini nilimwita Bryson."

"Hukupiga kelele."

"Nilitaka kupiga. Nikafungua dirisha apate hewa, nikamtikisa, nikamtikisa. Mdomo nimeufungua kabisa nipige yowe, simu yake ikalia. Imeandikwa Mama."

Elinuru aliacha kuandika.

"Kwa hiyo ana mama."

"Yuko Njombe. Hupiga kila Jumapili. Nilikuwa nawasikia ukutani wanavyocheka." Raheli alijifuta macho kwa kiganja. "Nikaizima. Nikachukua na mkoba wake. Nikalitoa jiko. Nilijua wakimpata mama yake watakuja na gari wamchukue, na mimi nitabaki tena na chumba kitupu."

"Tena?"

"Bryson wangu aliondoka mwaka wa kumi na moja sasa. Alikwenda machimboni. Wengine wanasema alifukiwa, wengine wanasema alivuka mpaka. Simu moja sijapata. Wazee wa ukoo walikuja, hao hao wanaochimba hapo. Wakaniambia, asiyeonekana huzikiwa mgomba. Kata mgomba, uvike shuka, uzike, ulie, umalize. Mimi, mwanangu? Mimi nachambua migomba kila siku ya Mungu! Naijua mpaka ndani. Ni maji na nyuzi. Nizike maji na nyuzi niseme ni mtoto niliyemnyonyesha? Nilikataa. Nilitaka kaburi lenye mtu. Niamke asubuhi nilifagie, nikae hapo, nimwambie habari za nyumbani."

Issa alitazama ukutani. Kikohozi chake hakikuwa cha moshi.

"Na Yusuph?" aliuliza Elinuru. "Leo saa tatu anapandishwa mahakamani kwa mauaji. Anaweza kunyongwa."

"Sikumtaja mimi. Watu walimtaja."

"Nawe ukanyamaza."

"Nikanyamaza." Raheli aliinamisha kichwa. "Nilisema moyoni, siku tatu tu, nikishazika nitamtoa. Mungu anisamehe. Na yeye ana mama."

Elinuru alimwashiria Issa. Issa akatoka nje kupiga simu kituoni, na walimsikia akisema, "Msimpeleke Yusuph. Nasema msimpeleke, mtu amepatikana. Mpeni chai."

"Uchungu wa mwana aujua mzazi," alisema Elinuru. "Wewe unaujua kuliko sisi wote, mama. Nipe simu."

Raheli alitia mkono ndani ya kopo la maharage, akatoa simu na mkoba mdogo wa ngozi. Elinuru aliiwasha. Ujumbe ulimiminika, mmoja juu ya mwingine. Hakuhitaji kutafuta namba. Kabla dakika mbili hazijapita, simu ililia mkononi mwake.

Mama.

Aliipokea, akaweka sauti wazi.

"Silvano! We mtoto unataka kuniua! Siku tatu!"

"Shikamoo, mama. Mimi si Silvano. Mimi ni Inspekta Elinuru, polisi, Lushoto."

Alimwambia. Hakuna njia nzuri ya kusema jambo lile, naye aliyewahi kulisema anajua. Kilio kilichotoka kwenye kile kisimu kilijaa jikoni kote. Elinuru alingoja. Raheli alikuwa amesimama, amejishika kwenye nguzo.

Hatimaye sauti ya Njombe ilirudi, nyembamba.

"Alikuwa peke yake? Mwanangu alikufa peke yake kama mbwa?"

Raheli alinyoosha mkono, akaomba simu. Inspekta alisita, kisha akampa.

"Hakuwa peke yake, mama," alisema Raheli. "Aliumwa, alikunywa uji, alifunikwa. Hakusikia baridi. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyemwekea jiko. Polisi watakueleza yote, wala sitakataa hata neno moja."

"Wewe nani?"

Kijiji kizima kilikuwa kimemsikia akijibu swali hilo tangu Jumapili, kwa kila aliyeuliza na asiyeuliza: yeye ndiye mama yake. Alitazama mlangoni, kule migombani.

"Mimi mwenye nyumba tu, mama. Mwanao alikuwa amepanga kwangu."

"Nirudishieni mtoto wangu."

"Atakuja, mama. Anakuja kwako."

Alimrudishia Elinuru simu. Hakulia. Alivaa kandambili zake, akafunga kanga upya kichwani, akanyoosha mikono ifungwe pingu. Elinuru alizisukuma pingu ndani ya mfuko wa koti.

Nje, mzee mmoja alitoa kichwa shimoni. Habari zilikuwa zimemfikia. Issa hana siri.

"Mama Bryson, tumesikia. Sasa kaburi hili? Limeshachimbwa, na halifukiwi tupu. Unajua wewe mwenyewe."

"Najua."

"Tufanyeje?"

Raheli alisimama ukingoni. Ukungu ulikuwa bado umeshika majani. Alitazama shimo hilo, midomo ikimcheza, kama mtu anayebishana na mwenzake asiyeonekana.

"Kateni mgomba," alisema.

Mzee hakuuliza wa nini. Alichukua panga, akaukata mgomba uliokwisha kutoa mkungu, akausafisha, akaukata kwa kimo cha mtu. Raheli aliuvika shuka lake mwenyewe. Alizipenyeza ncha za shuka kwa chini, huku na huku, na mikono yake ilifanya kazi hiyo pole pole.

"Bryson," alisema. "Mwanangu Bryson."

Hapo ndipo sauti ilipomtoka. Yowe la miaka kumi na moja lilishuka hadi karakanani, na kazi zikasimama.

Inspekta Elinuru hakumharakisha. Mashtaka yalikuwa yanajulikana: kuua bila kukusudia, kuficha ushahidi, kudanganya polisi. Yangeweza kungoja nusu saa. Alisimama kando, akamtumia binti yake ujumbe kwamba asiwashe jiko ndani, halafu akamwambia kwamba amemkumbuka.

Udongo ulipojaa, alimshika Raheli mkono, wakapanda pamoja hadi garini.